Jana nimefunga genge nikaenda baraza la madiwani

Toka nizaliwe sijawahi kukanyaga ule ukumbi wa halmashauri ya mji wetu, nilijua mle ni kwa wakubwa tu, kumbe mkutano wa baraza ni wa wazi, mwananchi yeyote anaruhusiwa kukaa, huongei lakini unasikia yote.

Kilichonipeleka ni choo cha soko. Kimefungwa tangu mwezi wa tatu, kufuli limeshika kutu, na ushuru tunalipa kila siku. Kina mama tunabisha hodi nyumba za watu, inatia aibu jamani. Diwani anasema muulizeni mkurugenzi, ofisini wanasema subirini bajeti, nikaona hapana, ngoja nijue nani ana mamlaka gani.

Iko hivi. Usafi na masoko ni jukumu la halmashauri, sheria yenyewe ni ile ya Mamlaka za Miji Na. 8 ya 1982. Baraza ndo linapitisha bajeti na kutunga sheria ndogo, hata huo ushuru umeandikwa humo, na hauanzi kutumika mpaka waziri wa TAMISEMI, yaani wa serikali za mitaa, aidhinishe. (Mashimo ya barabara ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017, ila diwani anaweza kuuliza.) Mwenyekiti madiwani wanamchagua wenyewe, mkurugenzi anateuliwa na Rais na ndo katibu wa kikao. Kumfukuza hawawezi, lakini kila robo mwaka taarifa ya mapato na matumizi lazima ije mbele yao, ikiwemo ile mikopo isiyo na riba ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kina mama, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Kwa hiyo diwani asiyesoma kabrasha anatuumiza kweli kweli.

Sasa jana mama mmoja wa viti maalum, miwani imeshuka puani, akaweka kidole kwenye ukurasa akauliza, "Mheshimiwa Mwenyekiti, hapa pameandikwa ukarabati wa choo cha soko umekamilika, nani alikikagua?" Ukumbi kimyaa. Mtaalamu akasimama, akapekua makaratasi, akakaa. Nilitetemeka mikono kwa furaha, yaani kuna mtu amesoma ule mstari kwa ajili yetu!

Mwenyekiti kaagiza kamati ije kukagua Alhamisi asubuhi. Nimeshapita meza zote, wauza dagaa, wa nyanya, mpaka vijana wa mikokoteni, siku hiyo tunawasubiri pale pale mlangoni kwenye kufuli.