Tsavo Mashariki, kwenda na kurudi

Jamani ndo naingia nyumbani saa hizi, nywele zimejaa vumbi hata kuoga bado.

Tumetoka Malindi alfajiri na vani ya paa la kufunguka, tukaingia Tsavo Mashariki kwa geti la Sala. Twiga wapo, pundamilia wapo, simba ndo hatukumpata na mgeni mmoja akanuna safari nzima 😅

Lakini ndovu!

Wa Tsavo ni wekundu kabisa maana wanajirushia ule udongo wa kule, sasa dereva akazima injini, mama mmoja akapita na mtoto wake hapo hapo dirishani, nikawa namsikia anavyopumua, yaani moyo unanienda mbio na bado sitaki aondoke.

Halafu dereva, ndo huyo huyo anayetuongoza, akatuonyesha mto Galana akasema huu ndo ule mto Sabaki wenu wa Malindi. Kumbe maji yale yale yanayofanya bahari yetu iwe rangi ya chai msimu wa mvua! Na kwenye daraja lake napita kila siku.

Haya, nani ashawahi kuona simba huko kwa safari ya siku moja? Mlipita upande gani?