Kutoka kiti kitupu hadi kawa: wimbo wangu wa mama anayengojea

Wiki ya kwanza

Natafuta wimbo wa vita unaoimbwa na waliobaki nyumbani. Nyimbo za askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, ni za kutembelea, miguu ndiyo inayoziongoza. Mimi nataka wa mama.

Nimeanzia Marekani, kwenye The Vacant Chair wa mwaka 1861, maneno ya Henry S. Washburn na muziki wa George F. Root. Anayeliliwa ni Luteni John William Grout wa Worcester, Massachusetts, kijana wa miaka 18 aliyeuawa Oktoba mwaka huo katika mapigano ya Ball's Bluff, Kaskazini na Kusini ya Marekani zilipopigana wenyewe kwa wenyewe. Sikukuu ya Shukrani ikafika, watu wakakusanyika, kiti chake hakina mtu. Vita vimetajwa, lakini macho ya wimbo hayaondoki mezani. Ndiyo maana, naamini, Kaskazini waliuimba na Kusini wakauimba, ilhali wanauana.

Nimeupiga kwa fidla kila usiku baada ya Isha. Umenikaa.

Wiki ya tatu

Jambo lililonifurahisha hata nikashindwa kulala: mshororo wa kwanza una silabi nane. Nane zetu zilezile za kipande, yaani nusu mshororo, cha shairi! Tena unaishia kwenye silabi nyepesi, kama maneno yetu yanavyoishia. Nikaandika papo hapo "Kiti chako ki kitupu", nikaimba, kikaingia bila kusukumwa.

Tabu iko kwenye mshororo wa pili. Una silabi saba, na ya saba ndiyo nzito, inavutwa. Kiswahili hakikubali, maana mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiimba "mbali" ukaivuta "li", msikilizaji anasikia neno jingine kabisa. Nimehangaika siku nne. Mwisho nimeikata ile noti ndefu vipande viwili: "mba" inapata pigo zito, "li" inashuka kwa upinde mwepesi. Silabi zimekuwa nane, na sauti inashuka kama mtu anayeketi.

Wiki ya tano, Wete

Nimevuka kuja Pemba kumwona bibi. Mwanawe mkubwa, mjomba wangu, alikuwa jeshini vita vya Uganda vilipoanza mwaka 1978. Nilimwimbia ubeti wangu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kiti gani tena, mjukuu wangu? Sisi tulikuwa tunakula chini."

Nikanyamaza. Ni kweli. Jamvi, sinia moja, mikono mingi. Asipokuwepo mmoja, wengine husogea na pengo halionekani.

Nikamuuliza, sasa wewe ulimwona wapi kuwa hayupo? Akainuka akenda jikoni, akarudi na kawa, ukili umekuwa mweusi kwa moshi, ukingoni pameshonwa kwa uzi mwekundu. Akaniambia kila usiku alimpakulia mwanawe sahani yake, akaifunika kwa kawa hilo, akaiweka karibu na mlango. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, redio ikatangaza, mtaa ukashangilia, na yeye usiku ule akapakua vilevile. Mjomba alirudi miezi mingi baadaye, amekonda, mzima. Kuna mama mtaa wa pili ambaye wake hakurudi. Bibi hakutaka kumzungumzia, nami sikumchimba.

Kiti nimekitupa. Nimeandika upya juu ya jamvi lake:

Chakula tumepakua, chini ya kawa kingali
Mlangoni nangojea, mwanangu uliye mbali
Nyayo zinapopitia, nadhani ni wewe kweli

Wiki ya saba

Tulijaribu kwa kidumbaki, ile taarabu ya kuchezwa. Haikufaa. Sanduku (besi ya uzi mmoja) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha) vinataka watu wainuke wacheze, na huyu mama hachezi. Nimebakisha udi, ile ala ya nyuzi, na fidla; ngoma ya dumbaki inaingia kidogo kwenye kibwagizo tu. Sauti ya Root nimeiacha pia isipokuwa ule mshuko wa mwisho wa mshororo. Huo siuwachi.

Wiki ya nane

Nimerekodi kwa simu nikamtumia mama mdogo, akamsikilizisha bibi. Jibu lilikuja usiku, sauti ya bibi mwenyewe, dakika moja na nusu. Kasema wimbo mzuri, ila nimesahau kitu. Chakula kile hakikulala mpaka kikaharibika. Alfajiri akikitoa akampa mtoto wa jirani aliyekuwa akienda chuoni kusoma Kurani, kwa nia ya mwanawe, popote alipo.

Kumbe kuna ubeti wa pili. Nimekaa kibarazani tangu jana, na hadi sasa nina mshororo mmoja tu:

Asubuhi natolea, kwa mtoto wa jirani