Baraza ya Bibi kando ya bwawa

Jana jioni jirani yetu aliwasha kuni za samar, mgunga wa huku kwetu. Moshi wake mkavu, una utamu kwa mbali, na ukishaingia kwenye mapazia hautoki mpaka uyafue. Binti yangu akakimbilia dirisha alifunge. Nikamwambia, "Liache wazi, mama." Akanitazama. "Kwani baridi hii kuna watu wanakaa nje?"

Wanakaa. Sisi tulikaa, tena kando ya bwawa la kuogelea, Januari ya 2013, nyumbani kwa Ami kule Mawaleh, hapa hapa Maskati, usiku aliofika Babu wa Wete.

Asiyeishi Maskati hunistaajabu nikisema baridi. Usiku wa Januari hapa joto hushuka hadi nyuzi 17 au 18, na mtu wa Ulaya angevaa fulana. Lakini nyumba zetu zimejengwa kulikimbia jua. Sakafu ni vigae mlango hadi mlango, dari ziko juu, hakuna kilichowekwa kwa ajili ya kupasha. Na bwawa ndilo linaloonewa zaidi. Kiangazi joto likipita nyuzi 40 maji yake huwa moto mpaka wenye uwezo hununua mashine ya kuyapoza. Likija hili jua zuri la Desemba na Januari, ambapo uani ndipo mahali pa kukaa, maji yamekuwa baridi, hakuna wa kuogelea, na watu hulifunika turubai, viti wakavirundika pembeni, mlango wa nyuma wakaufunga hadi Machi. La Ami lilikuwa hivyo hivyo. Paka tu ndio waliolipitia.

Sasa Babu. Yeye na Bibi ni tumbo moja. Bibi alitoka Pemba akiwa bibi harusi, mumewe ana duka Njombe, na huko ndiko habari za mapinduzi ya 1964 zilikomkuta. Babu alibaki. Baadaye, Sultan Qaboos alipoingia madarakani 1970 na milango ikafunguliwa kwa Waomani waliokuwa Afrika warudi, Bibi akaja na watoto Maskati. Baina ya hapo na ile Januari, ndugu hawa wawili walikuwa wameonana Makka tu, kwenye hija, katikati ya umma wote ule. Kwa hiyo ilipokuja habari kwamba Babu amepata viza na tiketi, nyumba nzima ilishikwa na homa ya matayarisho.

Ami alitaka kumpokea ndani, kwenye majlisi, na hita ya umeme alishanunua. Mzee wa watu anatoka Pemba, akasema, kule sasa ni kaskazi, joto linawatoa watu jasho usiku, atashuka hapa na kanzu moja nyepesi. Ilikuwa kweli. Upepo ule ule wa kaskazi uliowapeleka mababu zetu na majahazi yao mpaka Unguja na Pemba, kule huwa ni kiangazi kikali, na huku unakoanzia ni msimu wa baridi.

Bibi alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akasema, "Ndugu yangu nimpokee chumbani mlango umefungwa, kama mgonjwa? Atakaa barazani."

"Mama, nyumba hii haina baraza."

"Itakuwa nayo."

Akainuka, akajifunga kanga ya pili mabegani, akaniita nimshike mkono, tukatoka kwa mlango wa nyuma.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana mengine yote ya safari ile yamenichanganyikia. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro, jua limekwisha kuzama nyuma ya nyumba za jirani lakini mwanga bado upo. Turubai la bwawa limejaa majani ya mwarobaini. Upepo wa shamali unateremka polepole, ukipita juu ya maji pale turubai lilipofunuka, ukifika kwetu umeongezeka ubaridi. Nilidhani Bibi ataangalia viti, au ataniuliza zulia liko wapi. Hakuangalia chochote. Aliuachia mkono wangu akaenda kwenye ukuta wa ua, akaweka kiganja. Akakiondoa. Akapiga hatua mbili, akaweka tena. Alikwenda hivyo ukuta mzima, kimya, macho ameyafumba, vidole vyake vyenye hina ya zamani vikigusa plasta na kuondoka, kugusa na kuondoka. Alipofika pembe ya mkono wa kushoto alisimama. Akaweka na kiganja cha pili. Halafu akageuka, akaegemeza mgongo wake wote ukutani, akatoa pumzi.

"Hapa. Njoo."

Nikaegemea pembeni yake. Ukuta ulikuwa na joto. Si joto la kubahatisha; lilipita kwenye nguo likanifika katikati ya mgongo. Jua la msimu huu hupita chini, upande wa kusini, na kipande kile cha ukuta kilikuwa kikilitazama tangu adhuhuri hadi linazama, hakuna mti wala kibanda kinachokizuia. Matofali yalikuwa yamekunywa mchana kutwa na sasa yanarudisha. Miaka yote niliyokwenda nyumba ile sikuwahi kuugusa ukuta huo.

"Moto unapasha mbele tu," Bibi akasema. "Mgongo ndio unaokutia maradhi. Njombe mtu akijenga jiko lake huangalia kwanza atakaa ameegemea nini." Akanisimulia palepale, tumesimama, kuhusu asubuhi za Julai kule juu, sakitu imeweka weupe juu ya majani ya viazi, na wateja wanasubiri duka lifunguliwe wamebanana kwenye ukuta wa mawio. Sote nyumbani tulimchukulia Bibi kuwa mtu wa pwani. Hakuna aliyekumbuka kwamba ujana wake wote aliumaliza kwenye baridi kali kuliko yoyote ya Maskati.

Kuanzia hapo alituamrisha, na kazi ikaenda mbio. Siku ya pili asubuhi kijana wa bustani na watoto wa Ami walisafisha ua. Shangazi akaleta mbao za kubebea mizigo kutoka dukani kwake, zikapangwa chini ya ule ukuta, kwa sababu Bibi alisema vigae vinanyonya joto la miguu na baridi huanzia chini. Juu ya mbao majamvi, juu ya majamvi zulia jekundu la majlisi, kisha magodoro membamba na mito. Vikao vikawa chini, karibu na moto utakapokaa. Viti virefu vya chuma vya bwawani aliviondosha vyote.

Upande unaokuja upepo, kaka zangu walisimamisha kiambaza cha makuti ya mtende, kimo cha mtu aliyekaa na zaidi kidogo. Binamu mmoja akataka kuziba na juu kwa turubai ili pawe chumba kabisa. Bibi alikataa kwa ukali. Makaa yana pumzi mbaya, alisema, yanataka mbingu. Usiku ule ule Babu alipokwenda kulala na mtu mmoja akapendekeza seredani iingizwe chumbani kwake, Bibi alisimama mlangoni hadi seredani ikarudishwa nje. Alikwisha kuzika jirani Njombe kwa jambo hilo. Nimeishika hiyo, na ninamwambia kila mtu: makaa hayalali na mtu ndani.

Kwenye maji tulibishana zaidi. Vijana tulitaka bwawa lifunuliwe lote, chemchemi iruke, taa za ndani ya maji ziwashwe, kwa vile ndivyo tulivyoona panapendeza. Bibi akaomba ziwashwe azione. Mwanga ule mweupe wa buluu ukajaa ua, na kwa kweli ukiutazama tu ulikuwa unajikunyata. Akasema zima. Chemchemi nayo akasema zima, maji yakirushwa hewani hupoza yanapodondokea. Na anayefahamu mabwawa atakwambia kwamba maji hupoteza joto zaidi kwa njia ya mvuke, hasa penye upepo mkavu, na ndiyo maana hufunikwa. Bibi hakulijua hilo kwa jina, lakini alituamuru tufunike nusu, ile inayopakana na upepo, na nusu iliyo mbele ya baraza tuiache wazi. Pembeni ya ile nusu tukapanga fanusi chini kabisa, karibu na ukingo. Giza lilipoingia kila mwali ulikuwa na mwenzake ndani ya maji. Zilitumika pia kuwazuia watoto: waliambiwa mstari wa fanusi hauvukwi, na mkubwa mmoja aliwekwa pale asiondoke.

Kuni za samar ziliunguzwa mbali, nyuma ya gereji, mpaka moshi ukaisha na kubaki makaa mekundu. Ndipo yakatiwa kwenye seredani mbili na kuletwa. Moto wa miali unapendeza macho ila unawasukuma watu nyuma, makaa yanawavuta. Nimeona mabaraza ya fahari ya bwawani tangu hapo, moto mkubwa katikati na watu mbali nao wamejikunja kwenye mablanketi, kila mmoja kivyake, na huwa natamani kuwaambia wenyeji wausogeze ukutani.

Babu alifika baada ya Isha. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomdhania, kanzu nyepesi kweli, kofia ya kiua, koti aliloazimwa uwanja wa ndege na Ami linamvuka vidole. Tulimwamkia, akatuitikia mmoja mmoja akitushika kichwa. Bibi hakwenda mlangoni. Alikuwa ameshakaa mahali pake, na pembeni yake, pale palipokuwa na joto zaidi, ameweka mto mtupu. Babu alivuka ua akamwinamia. "Shikamoo, Dada." "Marahaba, babaangu. Kaa hapo, egemea." Akaegemea. Nilimwona uso ulivyobadilika alipouhisi ukuta. Akapapasa nyuma kwa mkono, akacheka, akamtazama dada yake, naye akawa anatazama makaa.

Boko boko lilikuja na samli juu, kahawa ikazunguka, halua, tende, ubani wa Dhofar kwenye chetezo. Wakubwa walizungumza bei ya karafuu, nani kafa, nani kaoa tena. Mimi nilikuwa zamu ya dele la kahawa, na kazi hiyo inakuweka karibu na watu huku hawakuoni. Usiku ulikwenda sana. Ami alisinzia. Watoto walilaliana juu ya zulia na kufunikwa. Hakuna aliyetaka kuingia ndani, na sijui tena lini jamaa zetu walikaa pamoja saa zote zile bila mtu kuinuka.

Ndipo Bibi akauliza, sauti ya kawaida kabisa, "Na mkarafuu wa kisimani?"

Babu hakujibu mara moja. Alinipa kikombe nimjazie, akakipokea.

"Upo, Dada. Mwaka huu umezaa hata matawi yanagusa chini."

Bibi akatikisa kichwa, akavuta kanga, akasema alhamdulillahi. Hawakuurudia tena mkarafuu ule, si usiku huo wala siku zilizobaki mpaka Babu anarudi.

Bibi alifariki 2016. Mwaka uliofuata nilikwenda Pemba na Shangazi. Babu alikuwa hai, lakini maneno yake yameshaanza kupotea, tukampeleka taratibu mpaka shambani nje ya Wete. Kisima kipo, kimezibwa kwa zege. Mkarafuu haupo. Nilimuuliza mama aliyekuwa akianika udaga jirani, akasema yeye ameolewa hapo zamani na hakuukuta. Mti wenyewe ulianguka kwa upepo kabla yake. Babu alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha kisima anachezea fimbo yake. Sikumuuliza.

Tuliporudi Maskati niliwaeleza nyumbani. Ami anasema Bibi alijua siku nyingi, kwani kila Ijumaa alikuwa akipigiwa simu na watu wa Pemba na hakuna habari ya shamba lile iliyompita. Kwa maoni yake aliuliza ili Babu apate jambo zuri la kumpa dada yake, maana alikuja mikono mitupu na alikuwa akiona haya. Shangazi hakubaliani hata kidogo. Anasema mama yake hakuwa mtu wa kuuliza asichotaka kukijua, na alikufa akiamini mti upo. Mimi nilikuwa nimeshika dele, hatua moja kutoka kwao, na kila mmoja wao hunigeukia nimshuhudilie. Nilimwona Bibi akitikisa kichwa. Siwezi kuwaongezea zaidi ya hilo.