Waya Ambao Hatukuuchomoa

Simu ilinifikia kabla ya adhana ya Alfajiri. Sauti ya Ami ilikuwa ya chini, sauti ya mtu aliyekesha. Hata sijamwamkia, akaniwahi: "Nilichomoa, mwanangu. Wallahi nilichomoa."

Ilikuwa Novemba 2016, vuli imeshika Pemba. Nilikuwa nakaa Chake, kazi yangu kufunga kamera na madishi, na miezi mitatu nyuma nilikuwa nimemfungia Ami kamera nne kwenye ghala lake la karafuu kule Mtambwe. Gunia moja la karafuu kavu ni ada ya skuli, ni bati la nyumba, ni mahari. Ami alikuwa amechoka kulala kwenye mkeka mlangoni mwa ghala na panga ubavuni, kwa hiyo alipouza karafuu za mwanzo alinikabidhi fedha akaniambia nimtafutie macho yasiyolala. Alinikabidhi mkononi, nyumbani kwake, mbele ya Shangazi. Ndiyo maana simu ile ilinikata maini.

Niliswali, nikapanda pikipiki. Mvua ilikuwa imekatika lakini barabara bado inachuruzika udongo mwekundu. Nilipoingia uwanjani kwa Ami, kitu cha kwanza nilichokiona ni mnazi ulio kati ya nyumba na ghala. Gome lake lilikuwa limechanika mstari mmoja kutoka kileleni hadi karibu na mizizi, mweupe, upana wa kidole, kama mtu amepitisha randa. Madafu yalikuwa yametapakaa chini, mengine yamepasuka.

Ami alinipokea kwa maneno yale yale. Alikuwa kama mtu anayejitetea, na hilo liliniumiza kuliko hasara, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha: ukisikia ngurumo kwa mbali usingoje, zima soketi, chomoa plagi. Na alifanya. Baada ya Isha, radi zilipoanza kukaribia, Shangazi alifunika kioo kwa kanga na kushika dua yake, na Ami akainuka akachomoa plagi ya DVR (mashine inayorekodi picha za kamera), akaiweka juu ya meza ili aione. Halafu chumba kizima kikawa cheupe, na mshindo ukaja hapo hapo, bila nafasi. Anasema cheche zilitoka nyuma ya DVR, na plagi ipo mezani anaitazama.

Nilifungua skrubu nne za DVR pale pale mezani. Harufu ya plastiki iliyoungua ilinijia kabla kifuniko hakijatoka vizuri. Nikapima fyuzi kwa mita: nzima. Upande wote unaopokea umeme wa ukutani ulikuwa safi kama siku nilipoitoa kwenye boksi. Lakini kule nyuma, zinakoingia nyaya za kamera, njia nyembamba za shaba juu ya bodi zilikuwa zimetoweka, pamebaki masizi, na chipu iliyo jirani ina kitobo cheusi kama imechomwa sindano ya moto. Televisheni haikuonyesha picha tena. King'amuzi kimekufa. Kamera mbili kati ya nne zimekufa. Na gadi mbili nilizomuuzia, moja ya friji na moja ya televisheni, taa zao za kijani zilikuwa zinawaka kana kwamba usiku ulikuwa wa amani.

Gadi sizilaumu. Kazi yake ni kuangalia umeme wa ukutani: ukishuka sana au ukipanda sana inakata, kisha inangoja dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Pemba yetu, hata baada ya waya wa baharini kutoka Tanga kuanza kazi mwaka 2010 na kutupumzisha na majenereta ya Wesha, umeme bado hukatika na kurudi, na huko kurudi kwake ndiko kunakoua mafriji. Hapo gadi inasaidia kweli. Radi ni kitu kingine. Inakuja na kwisha ndani ya kipande cha sekunde kidogo mno, swichi ya gadi bado haijaanza hata kujongea. Na usiku ule, isitoshe, haikupita mlangoni palipo na gadi.

Niliyajua hayo nusu nusu tu asubuhi ile. Nilimpigia Maalim wangu, mzee aliyenifundisha kazi, akafika baada ya Adhuhuri. Hakuigusa DVR. Aliniuliza: "Waya upi haukuchomolewa?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Nyaya za kamera kutoka ghalani. Waya wa picha kwenda kwenye televisheni. Waya wa king'amuzi. Waya wa dishi, unaotoka nje hadi kwenye bomba la chuma lililosimikwa ardhini. Nilipofika hapo nikanyamaza. Maalim naye hakusema kitu, akatoka kuelekea ghalani, nami nyuma yake.

Ghala lina meni swichi yake. Nje ya ukuta kulikuwa na waya wa ethi unaoshuka, ule wa kuupeleka umeme ardhini, na kwenye ncha yake kipande cha nondo kilichochomekwa ardhini. Maalim akainama, akakishika kwa vidole viwili, akakivuta. Kikatoka. Hakikufika futi moja, na kibano chake kilikuwa kutu tupu. Hakikuwa kazi yangu, kilikuwepo kabla sijaja, lakini nilipita pale siku nzima na ngazi begani bila kukitazama, kwa sababu nilikuwa nimeitwa kwa ajili ya kamera.

Ndipo akanieleza, kipande cha nondo mkononi. Radi haikuipiga nyumba wala ghala. Iliupiga mnazi, ikashuka ardhini. Ardhi iliyo karibu na ghala, kwa kitambo kile, ilipanda volti nyingi mno kuliko ardhi iliyo upande wa pili wa nyumba, kwenye bomba la dishi. Na mimi nilikuwa nimetandaza mita 40 za waya wa shaba kutoka ghalani hadi sebuleni. "Umeipa njia," alisema. Ikaingia kwa nyaya za kamera, ikapita DVR, ikapita televisheni na king'amuzi, ikatokea kwenye dishi. Plagi ya Ami haikuwa na nafasi yoyote katika safari ile.

Tulifanya kazi siku mbili. DVR mpya tuliiweka ndani ya ghala lenyewe, kwenye sanduku la chuma lililofungwa ukutani, ili pasiwe na shaba inayovuka kutoka jengo hadi jengo. Picha zinakuja nyumbani kwa antena mbili ndogo zinazotazamana. Tukazika fimbo mbili za ethi za shaba, futi nne kila moja, zimeachana na kuunganishwa. Udongo wa Mtambwe unakubali nyundo. Nimewahi kufanya kazi hiyo hiyo Makunduchi, kule maweni, fimbo ikagota kwenye jiwe mara tatu mpaka tukachimba handaki na kuilaza, kwa hiyo nilishukuru. Kwenye meni swichi tukafunga saji protekta, kinga ya umeme unaopanda ghafla. Ndani yake mna varista: umeme ukiwa wa kawaida imejifunga, ukizidi kiwango inafunguka na kuumwaga ardhini. Bila ethi ya kweli haina pa kuumwaga, na hilo ndilo linalonikera ninapoona watu wanauziwa ekstensheni iliyoandikwa saji protekta, huku soketi ya ukutani kwao haina waya wa tatu, wa ethi. Tena varista huchoka. Kila inapopokea pigo inapungua, na ekstensheni itaendelea kupitisha umeme kama kawaida hata ikiwa imekwisha ndani. Ile tuliyofunga kwa Ami ina kidirisha. Kikiwa chekundu, inabadilishwa.

Gharama ya DVR niliibeba mimi. Ami alikataa, tukavutana mpaka Shangazi akaingilia kati, akasema kila mmoja atoe nusu.

Kabla hatujaondoka, Maalim alimwambia Ami kwamba ethi hupenda unyevu, na kiangazi cha kaskazi ardhi ikikauka sana, ndoo ya maji mara moja moja haidhuru. Ami aliitikia tu. Nilipokwenda Februari kumjulia hali nilikuta amelihamisha jiwe lake la kutawadhia. Miaka yote lilikuwa karibu na mlango wa jikoni. Sasa liko pembeni mwa ukuta wa ghala, juu kidogo ya fimbo zetu, na pale alipokuwa amekaa na birika, mikono imekunjwa hadi viwikoni, maji ya udhu yalikuwa yakiteremka polepole kwenye udongo.