Garanti yangu ilizaa vyumba viwili

Mdogo wangu wa kiume yuko Leeds, Uingereza, mwaka wa tano sasa. Juzi usiku alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba, na karibu zote ni malalamiko juu ya pauni ambazo hata mia huenda hazifiki. Amehama nyumba. Garanti yake, ile amana mpangaji anayoweka siku ya kuingia, pauni 900, imerudi yote, haikukatwa hata senti. Sasa ananiuliza mimi mkubwa wake, anayeniita Yaya: "Yaya, hizo pesa zimelala kule miaka mitatu. Intere yake iko wapi?"

Intere, yaani riba. Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Nilipomaliza kumbembeleza nikajikuta bado nawaza lile swali, maana si la kijinga.

Kule England, tangu Aprili 2007, mwenye nyumba akipokea garanti kwa mkataba wa kawaida wa kupangisha hawezi kuitia mfukoni na kunyamaza. Lazima ailinde katika mmoja wa mifuko mitatu iliyoidhinishwa na serikali, ndani ya siku 30, na mpangaji apewe maandishi yanayosema iko wapi. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru amlipe mpangaji mara moja hadi mara tatu ya garanti ile. Halafu tangu Juni 2019 kuna kikomo: kodi ya wiki tano, kama kodi ya mwaka mzima iko chini ya pauni 50,000. Ndiyo maana ya mdogo wangu ilikuwa 900. Alikuwa analipa 780 kwa mwezi, sawa na 180 kwa wiki, mara tano.

Mwenye nyumba ana njia mbili. Anaweza kuikabidhi pesa yenyewe kwa mfuko, nao unaishika bure. Au anabaki nayo, anaulipa mfuko ada ya bima, ili siku akikataa kuirudisha mfuko umlipe mpangaji. Kwa njia hii ya pili riba inabaki kwa mwenye nyumba, isipokuwa mkataba umesema vingine, na mwenye nyumba gani ataandika vingine? Kwa njia ya kwanza, riba ndiyo inayoendesha mfuko wenyewe. Pesa za mdogo wangu zilikuwa kwa njia hiyo ya kwanza. Kwa hiyo jibu lake ni fupi: hapati kitu.

Lakini nilimkumbusha jambo. Mwenye nyumba wake alitaka kukata pauni 140, eti zulia limechakaa. Kijana akatoa picha alizopiga siku ya kuingia, madoa yaleyale yanaonekana. Mfuko ukaweka mwamuzi, mwamuzi akamtaka mwenye nyumba alete ushahidi, ushahidi haukuwepo. Hakuna aliyelipia kazi hiyo. Nikamuuliza: "Yule mwamuzi wako anakula nini? Si ndiyo hiyo intere yako?" Akanyamaza kidogo, akasema Yaya unaongea kama wao.

Dada yetu wa Liège, binti wa mama mkubwa, hakukubali. Yeye anasema Ubelgiji mambo yako wazi zaidi: garanti inawekwa benki, kwenye akaunti iliyofungwa yenye jina la mpangaji mwenyewe, na riba inajumlishwa humo kwa faida yake. Hakuna wa kuigusa bila mwenzake kukubali, au jaji kuamua. Alipohama mara ya mwisho riba yote ilikuwa euro nne na senti kadhaa. Alinunua kahawa na keki. "Lakini ilikuwa kahawa yangu," akasema, na hapo sikuwa na jibu.

Sasa nije kwangu, Lubumbashi, Kongo.

Mwaka 2019 nilipata nyumba Bel-Air, komini ya Kampemba, dola 120 kwa mwezi. Bayere, yaani mwenye nyumba, mzee mmoja mstaafu, mpole sana kwa sura, alitaka garanti ya miezi sita. Mimi ni mwalimu, ninasoma. Nilimtajia sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 inayosema nyumba ya kuishi haizidi miezi mitatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema nyumba ya bei ya sheria iko barabara ya pili, niende kuuliza kama bado iko wazi. Komisionere, dalali wa nyumba, ambaye mwezi wake mmoja alikuwa tayari anauhesabu kichwani, akanikanyaga mguu.

Nikalipa 720. Noti saba za mia na moja ya ishirini. Mzee aliziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha pembeni kutafuta mpasuko, moja akaikataa kwa sababu ya kidoti cha wino. Nilienda kwa kambiste, mbadilisha fedha wa barabarani, kuibadilisha nikiwa nimevaa viatu vya kanisani.

Wiki mbili baadaye mkokoteni ukaingia parsele, kiwanja cha nyumba, na matofali ya kuchoma. Halafu simenti. Kabla mvua hazijaanza, nyuma ya jiko langu kulikuwa na vyumba viwili vyenye mlango wa bati, na ndani yake wapangaji wawili, kila mmoja dola 40. Nilikuwa naosha vyombo nikiangalia ule ukuta. Nilijua tofali ngapi ni zangu. Kama kuna mtu anataka kujua garanti inazaa riba kiasi gani mjini hapa, aje nimwonyeshe: dola 80 kila mwezi, na choo cha pamoja.

Nilipotangaza kuhama, Juni 2023, majirani walinipa dawa ambayo kila mpangaji anaijua: miezi ya mwisho hulipi, unakula garanti yako. Mimi nikajifanya mstaarabu. Nikalipa mpaka siku ya mwisho, nikapaka ukuta rangi, nikafuta deni la umeme, nikaenda kuchukua pesa zangu. Mzee akanikalisha kwenye benchi chini ya mwembe, akaniletea maji ya kunywa, akasema: "Mwalimu, garanti yako iko. Mpangaji mpya akiingia tu, iko."

Maana yake pesa zangu zilikuwa kwenye mfuko wa mtu ambaye hata hajaiona nyumba bado. Kwa hiyo nikawa komisionere bila malipo. Nilitangaza nyumba ya mzee shuleni, kwenye kwaya, saluni. Mwishowe nikampata muuguzi mmoja, binti mwenye haraka ya kuhama, na garanti yake ndiyo iliyoanza kunilipa. Yake naye atalipwa na nani, sikumwambia. Hilo bado linanikaa kooni.

Hata hivyo hazikuja zote pamoja. Mzee alikuwa na daftari la shule, lenye picha ya twiga kwenye jalada, na kila awamu aliiandika kwa kalamu nyekundu, nami nikatia sahihi: 200, halafu 150, halafu 270 siku aliyouza friji, na 100 ya mwisho baada ya miezi kumi na moja. Hiyo ya mwisho ilikuwa na mpasuko pembeni, mdogo kama punje ya mchele. Niliinua kwenye mwanga kama alivyonifundisha. Akatazama pembeni. Kambiste akanikata dola kumi.

Kwa hiyo mdogo wangu amerudishiwa 900 juu ya 900 analia, mimi nilirudishiwa 710 juu ya 720 nikampigia mama simu nikishangilia.

Mwezi uliopita nimehama tena. Bayere wa sasa ni mama, mjane, ana ulimi mtamu. Nilijipa moyo, nikamwomba tufungue akaunti ya sahihi mbili, garanti ikae huko, na riba tugawane nusu kwa nusu. Alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Mwalimu wangu," akasema, "na bati zangu nitanunua na nini?"

Nimelipa miezi mitatu. Bati zimeshushwa Jumamosi asubuhi, kumi na nane.