Herufi ya kumi: nilivyonunua Porsche iliyotumika hapa Mombasa

Gari la kwanza lilikuwa Nyali, rangi ya fedha, chini ya turubali nyuma ya nyumba ya mtu aliyehamia ng'ambo. Dalali hakulifunua mara moja. Alivuta kona moja, akanyamaza, akavuta nyingine. Turubali lilipofika kwenye taa za nyuma mimi nilikuwa nimeshalinunua moyoni, imebaki kulipa tu.

Nieleze kwanza mimi ni nani, maana aibu yenyewe iko hapo. Kazi yangu ni klarengi, kuwatolea watu magari bandarini. Miaka kumi na minne sasa nashinda baina ya Kilindini na ofisi za ushuru na makaratasi ya magari ya watu: Probox, Noah, Vitz, Prado za wakubwa. Niliamini hakuna wa kuniuzia mbuzi kwenye gunia. Lakini namba za chesisi nilikuwa nazinakili tu, herufi moja moja, zisije zikahitilafiana na fomu. Sikuwahi kujiuliza zinasema nini.

Nilichotaka ni Porsche Boxster, viti viwili, paa la kitambaa linalokunjwa. Sababu zake siwezi kuzitetea mbele ya mke wangu. Ni za jioni Mama Ngina Drive na upepo wa bahari, basi. Na ilinibidi kutafuta humu humu nchini. Sheria ya Kenya inataka gari lililotumika linaloingizwa lisizidi miaka minane, na usukani uwe kulia. Boxster ya kizazi nilichokimudu, kile kilichouzwa kuanzia mwisho wa 2004 hadi 2012, kwa bandari imeshafungiwa mlango. Zilizo ndani ya miaka minane zipo, ila ukishabebesha ushuru wa forodha, ukabebesha na ushuru wa bidhaa, halafu VAT ya asilimia 16 ikakaa juu ya vyote hivyo, bei inakuwa ya watu wengine. Basi nikawa nasaka zile ambazo mtu alizileta zikiwa bado changa.

Kizazi hicho, ambacho Porsche wenyewe wanakiita 987, kina nusu mbili, na hapa ndipo pesa za watu huzama. Modeli za mpaka 2008 zina injini ya kale, yenye shafti ya kati inayoshikwa na beringi ambayo mafundi duniani kote wanaijua kwa herufi tatu: IMS. Beringi hiyo ikivunjika, vipande vya chuma vinazunguka na oili na injini imekwisha. Si zote zinazovunjika. Nyingi hazivunjiki, na kuanzia 2006 waliweka beringi kubwa zaidi yenye sifa nzuri, lakini hiyo kubwa ukitaka kuibadilisha lazima uipasue injini yenyewe. Modeli ya 2009 ikaja na injini mpya kabisa isiyo na shafti hiyo. Ya kawaida ikatoka lita 2.7 ikawa 2.9 yenye nguvu za farasi 255, na gia za otomatiki zikatoka Tiptronic ya gia tano zikawa PDK ya gia saba yenye klachi mbili. Kwa nje, magari hayo ni ndugu wa tumbo moja. Ukiyaona barabarani yakipita kasi huyatofautishi.

Hayo nilikuwa nimeyasoma. Dalali akasema ni ya 2009. Logibuku ikasema 2009. Odomita ikasema kilomita 52,000. Nikatoa simu nimpigie wa benki.

Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa nimeshamwahidi fundi wangu wa Tudor, ninayemwita Ami, nauli na chakula cha mchana, na mtu wa makamo yake humpigii simu ukamwambia asije. Alifika na bodaboda, akatuamkua, akapita lile gari bila kutazama rangi wala viti. Akavaa miwani, akainama kwenye pembe ya chini ya kioo cha mbele, mahali penye kibao kidogo cha namba.

"Nisomee, mwanangu. Macho yangu haya."

Nikasoma. WP0, halafu ZZZ, halafu 98, halafu Z.

"Ya kumi?"

"Nane, Ami."

"Basi hii ni ya 2008."

Dalali akacheka, akatoa logibuku tena. Ami hakuishika. Akafungua mlango, akaniambia nihesabu gia. Tano. Tiptronic. Gari lilikuwa modeli ya 2008 lililokaa dukani Uingereza likasajiliwa mwanzoni mwa 2009, na mwaka wa usajili ndio uliosafiri kwenye makaratasi mpaka huku. Sisemi kuna mtu aliyeghushi. Inawezekana kabisa ni karani kama mimi aliyenakili alichokiona.

"Bosi, tofauti ni mwaka mmoja tu," dalali akasema.

"Mwaka mmoja, injini mbili," Ami akamjibu.

Kwa hiyo ishike hii: kwenye namba ya chesisi ya Porsche, herufi ya kumi ndiyo mwaka wa modeli. 8 ni 2008, 9 ni 2009, A ni 2010, B ni 2011, C ni 2012. Na ya kumi na moja ni kiwanda. S ni Stuttgart. U ni Uusikaupunki, mji wa Finland ambako kampuni ya Valmet iliwaundia Porsche Boxster kuanzia 1997 hadi 2011. Gari langu mimi ni la U. Nimelipa bei ya Mjerumani nikapewa Mfini, na sina kinyongo.

Kabla hatujaondoka Ami alinionyesha jambo jingine ambalo naliona kubwa kuliko lile la namba. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa msimbo unaoanza na DOT: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tairi za gari lile zilisoma 3115, yaani wiki ya 31 ya 2015. Zilikuwa na kashata nzima kama mpya, ila zimepasukapasuka pembeni kama kisigino. Disiki za breki zilikuwa na kutu nene. AC haikutoa hata pumzi. Hewa yetu ya chumvi haihitaji gari litembee ili ilile. Lililolala ndilo linaloliwa zaidi. Ule turubali uliokuwa umenilevya ndio uliokuwa unanificha ugonjwa.

Wiki tano zikapita bure. Moja ilikuwa ya Nairobi, nikaenda mpaka huko, sitaki kuikumbuka. Kisha mtu akaniambia kuna mama Kizingo, mhasibu mstaafu, anauza yake na hakuna anayeitaka kwa sababu ina kilomita 118,000.

Gari lilikuwa la buluu, rangi imepauka juu ya boneti, bampa la mbele limekwaruzwa chini. Alikuwa akiliendesha kazini kila siku. Aliponikaribisha hakunionyesha gari kwanza. Aliniletea kopo la biskuti, lile la bati la duara, na ndani yake zilikuwa risiti kuanzia 2015 alipoliagiza kutoka Uingereza, zimepangwa kwa mwaka na kufungwa kwa mipira ya pesa. Kila oili. Kila plagi. Pampu ya maji. Risiti ya taa moja ndogo ya namba. Chini kabisa kilikuwa kijitabu cha sevisi cha Uingereza chenye namba yake ya zamani ya usajili.

Hiyo namba ya zamani ni dhahabu. Uingereza kila gari likitimiza miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, ukaguzi unaitwa MOT, na matokeo yako wazi kwenye tovuti ya serikali yao: unaingiza namba ya usajili, hulipi kitu, unaona maili kila mwaka na kasoro zilizotajwa. Nikaiingiza palepale barazani. 2012, 2013, 2014. Ya mwisho ilikuwa maili 41,000. Zidisha kwa 1.6, unapata kama kilomita 66,000. Risiti yake ya kwanza ya Mombasa ilisoma 67,000 na kitu. Zimeshikana kama shanga. Lile la Nyali nilipomwuliza dalali namba yake ya Uingereza, alisema kitabu kilipotea melini.

Herufi ya kumi ilikuwa 9. Niliitazama mara tatu.

Tulilipeleka Tudor kwa Ami, na mama akaja naye akaketi kwenye kiti cha plastiki na kopo lake mapajani. Boxster injini iko katikati, nyuma ya viti. Ukifungua buti ya nyuma unaona vifuniko viwili tu, cha oili na cha maji. Ukaguzi wa kweli ni wa chini. Ami aliliinua, akamwaga oili, akatoa filta na kuikata kwa kisu, akaikunjua karatasi yake juu ya gazeti kama anayekunjua chapati ya tabaka. Akapitisha sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Hakuna kilichonata. Akalivuta gazeti kwenye jua, akatafuta chembe zinazong'aa. Hakuna. Injini hii haina ile beringi, lakini anasema kila injini anaifanyia hivyo.

Kisha akaunganisha kompyuta, na akasisitiza iwe ile inayoongea na Porsche, si kile kidude cha bei rahisi kinachosoma Toyota. Ikataja silinda moja inayokosa moto. Koili ilikuwa na ufa unaouona kwa macho. Ziko sita, zimekaa karibu na joto la ekzosi, na kupasuka kwake ni jambo la kawaida.

Bampa la mbele lilipotolewa sote tulicheka, hata mama. Rejeta za Boxster ziko pembeni kulia na kushoto, nyuma ya matundu ya bampa, na mbele ya kila moja imekaa kondensa ya AC. Katikati yao palikuwa na majani ya mwarobaini ya miaka tisa, yameoza na kushikana kama udongo. Chini ya udongo huo kondensa mbili zilikuwa zimeshaanza kutoboka. Hapa kwetu, kama unanunua gari la aina hii na bampa halijawahi kutolewa, hesabu kondensa mbili kwenye bei bila hata kuuliza.

Jaribio la mwisho lilikuwa kikombe cha maji. Paa likikunjwa nusu, kuna tundu kila upande la kutoa maji ya mvua. Ami akamimina kulia, maji yakatoka chini mbele ya gurudumu la nyuma. Akamimina kushoto. Tukangoja. Hayakutoka. Zulia nyuma ya kiti lilikuwa na unyevu na harufu ya kanga iliyosahaulika kwenye ndoo. Mwarobaini tena.

Mama alitaka milioni 3.1. Niliandika kila kasoro na bei yake: koili sita, kondensa mbili, tairi za nyuma, ambazo ni pana kuliko za mbele na kwa hiyo huwezi kuzizungusha ukavuta siku. Nikamwonyesha.

"Mwanangu, bei ya kondensa umeitia chumvi," akasema, akafungua kopo, akatoa risiti ya dukani ya mwaka uliopita alipokwenda kuulizia. Kweli nilikuwa nimeitia chumvi. Tulikutana kwenye milioni 2.78.

Makaratasi sitayarefusha, ndiyo kazi yangu. Nililipia rekodi ya gari NTSA, mamlaka inayosajili magari, kuona mwenye nalo ni nani hasa. Nikapekua sajili ya dhamana kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, maana gari linaweza kuwa limewekewa mkopo, na tangu sheria ya 2017 dhamana hizo husajiliwa humo. Mkataba tuliutia saini kwa wakili, nikalipa nusu. Mama akaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, nikaukubali kwenye yangu, na nusu ya pili ikaenda gari lilipokuwa kwa jina langu. Kilichonisumbua ni bima. Kampuni mbili zilinikatalia bima kubwa kwa sababu ya umri wa gari, na moja ilikuwa imeshachukua ada ya tathmini. Ya tatu ikakubali. Uliza bima kabla ya kununua; mimi niliuliza baada.

Miezi sita ya kwanza ilikula 385,000. Nilikuwa nimetenga laki nne kando, na mke wangu ndiye aliyeshika hiyo akaunti, vinginevyo ningeweka rimu mpya.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni feri ya Likoni. Maji yakipwa sana, hasa siku za bamvua, ule mteremko wa kuingilia unakuwa mkali, na gari la chini namna hii linabusu chuma kwa bampa. Mkwaruzo wa mama niliuelewa siku hiyo, nikiwa nimeongeza wa kwangu pembeni yake na watu mia mbili wakipiga mluzi. Sasa nikiwa na safari ya Diani natazama saa za maji kama mvuvi, au nazunguka Dongo Kundu.

Masika imeanza juma hili. Jana usiku ngurumo ya kwanza ilipopiga, simu ikalia. Ujumbe wa mama wa Kizingo, maneno manne: "Mwanangu. Tundu la kushoto."

Nilikuwa nimeshatoka nje, na spoku ya baiskeli mkononi.