Mto Ruaha na gazeti la kijiweni

Jana kijiweni nimekuta gazeti limeshikwashikwa mpaka limelegea, kichwa cha habari kikubwa eti wafugaji ndo wanaukausha Ruaha Mkuu, na wazee wote wanarudia hivohivo. Mi nimekulia Usangu jamani, bonde la huko Mbeya mto unakopita, mto umekuwa ukikauka kiangazi tangu 1993, na maji mengi yanachepushwa kwenda kwenye mpunga, huo mfereji wa nyuma ya kwetu haufungwi hata mwezi wa kumi, maji yanazagaa tu hayarudi mtoni. Mifugo inaharibu Ihefu kweli, lile eneo la ardhi oevu linalolisha mto, sikatai, ila mwandishi hakugusa mpunga hata mstari mmoja!! Jirani yetu Msukuma, mfugaji, alisomewa akanyamaza, kikombe kakiacha nusu kaondoka. Imeniuma sana.